Mpunga Ukishavunwa, Jaruba Lipandwe Nini? Ulinganisho wa Njia Nne

Mkulima mwenye majaruba (vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta) ndani ya skimu ya umwagiliaji ana nafasi ambayo wakulima wengi wa Afrika Mashariki hawana, yaani anaweza kupanda tena baada ya mvua kwisha. Hata hivyo, katika maeneo kama Mbarali, bonde la Kilombero, tambarare za chini ya Moshi na Mwea nchini Kenya, mpunga mkuu ukishavunwa watu hugawanyika. Wapo wanaopandikiza mpunga mwingine, wapo wanaoyaacha mashina yachipue upya, wapo wanaopanda choroko, kunde au maharage, na wapo wanaoinua matuta ya vitunguu na nyanya. Wengine huliacha jaruba likalishwa ng'ombe hadi mvua zirudi, nao wakati mwingine wana sababu nzuri ya kufanya hivyo.

Makala hii inazilinganisha njia hizo nne kwa mkulima ambaye bado hajaamua. Msimamo wake ni kwamba idadi ya mavuno kwa mwaka ni kipimo dhaifu. Ekari inayovunwa mara tatu inaweza kumwachia mwenyewe fedha kidogo, na udongo uliochoka zaidi, kuliko ekari inayovunwa mara mbili kwa mpangilio mzuri. Swali lenye manufaa ni kitu gani kitakachokuishia kwanza: maji, siku, nguvu kazi au mtaji. Zao la pili lichaguliwe kwa kuangalia upungufu huo.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni maji, na hapa yanahesabiwa maji ya miezi ya kiangazi pekee. Mto uliojaa mwezi wa Aprili hausemi lolote kuhusu zamu yako ya mwezi wa Septemba.

Kigezo cha pili ni siku. Kupanda mazao mfululizo katika shamba moja kuliwezekana kwa upana pale zilipopatikana mbegu zinazoiva mapema na ambazo kuchanua kwake hakutegemei urefu wa mchana. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, iliyoko Los Baños nchini Ufilipino, ilitoa mbegu ya IR8 mwaka 1966, na kufikia mwaka 1976 ilikuwa imetoa IR36, inayoiva kwa takriban siku 110. Nchini Tanzania, TXD 306, ambayo wakulima wengi huiita SARO 5, huiva kwa takriban siku 120, wakati Supa huhitaji muda mrefu zaidi. Kwa hiyo aliyepanda Supa kwa ajili ya bei yake na harufu yake amekwisha kupunguza, kwa uamuzi huo mmoja, idadi ya mazao yanayoweza kuifuata.

Katika kuhesabu siku, wengi husahau pengo lililopo kati ya kuvuna na kupanda. Mkulima anayengoja mpunga upurwe, uanikwe na uuzwe ndipo aanze kumtafuta mwenye pawatila (trekta dogo la magurudumu mawili) hupoteza wiki nne au tano, na mara nyingi hizo ndizo wiki zinazoamua kama zao la pili litaiva kabla maji hayajakatika. Ningemshauri mkulima yeyote afupishe pengo hilo kwanza kabla ya kufikiria kuongeza zao.

Kigezo cha tatu ni kazi na mtaji, cha nne ni hali ya udongo pamoja na wadudu na magonjwa, na cha tano ni soko. Baada ya hivyo yupo jirani, kwa kuwa majaruba hugusana. Maji ya jirani hupenya kwenye tuta, nao ng'ombe wa jirani huvuka mpaka. Kila njia hapa chini imepimwa kwa vigezo hivyo hivyo.

Njia ya kwanza: mpunga baada ya mpunga

Maji na siku. Hii ndiyo njia inayodai maji mengi kuliko zote. Ukijumlisha maji ya kuvuruga udongo, yanayozama chini na yanayotumiwa na mmea wenyewe, msimu mmoja wa mpunga wa kumwagilia mara nyingi hupita milimita 1,000. Siku hutosha iwapo mbegu ni za muda mfupi na kitalu cha pili kinasiwa wiki mbili au tatu kabla ya kuvuna mpunga wa kwanza, katika kipande kilichotengwa mapema. Katika maeneo yenye mwinuko kama Mwea, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ipo pia hatari ya baridi. Mpunga ukibeba mimba katika usiku wa baridi wa mwezi wa Juni hadi Agosti, punje nyingi hubaki pepe.

Historia ya skimu zetu inafundisha mengi juu ya maji. Skimu ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa mkopo wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ilifanikiwa kuongeza mavuno kiasi kwamba wakulima wa juu ya mto, waliokuwa nje ya skimu, nao walianza kulima mpunga, na maji ya kuwafikia wa chini yakapungua. Katika bonde la Usangu, Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993, na uchepushaji wa maji ya mashamba huko juu umetajwa miongoni mwa sababu kuu. Mwea, kwa upande wake, ilijengewa Bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022, kwa nia ya kuwezesha misimu miwili kamili. Kwa hiyo mpunga wa pili unapaswa kuamuliwa na bonde zima, na mkulima mmoja anayeupanda bila uhakika wa zamu anacheza na maji ya watu wengine.

Kazi na mtaji. Kazi ni nyingi lakini inajulikana, na zana ni zile zile. Gharama kubwa zitakuwa pawatila, upandikizaji, mbolea na kufukuza ndege. Kwelea kwelea hulishambulia kwa ukali shamba la mpunga lililo peke yake wakati eneo lote limekauka, na gharama ya kuwalinda hupungua pale tu mashamba mengi yanapoiva kwa pamoja.

Udongo, wadudu na magonjwa. Kila tani ya mpunga huondoa shambani takriban kilo 15 hadi 20 za naitrojeni. Mkulima anayevuna tani tano kwa hekta mara mbili kwa mwaka ameondoa kilo 150 hadi 200, na mfuko mmoja wa urea kwa ekari haurudishi kiasi hicho. Sehemu kubwa ya potasiamu hubaki kwenye mabua, hivyo anayeyauza yote kama malisho anauza pia rutuba ya shamba.

IRRI ina shamba la majaribio ambalo tangu mwaka 1968 limekuwa likivunwa mpunga mara tatu kwa mwaka. Mavuno yake yalishuka kwa miaka mingi licha ya mbegu bora na mbolea, kisha yakainuka tena katika miaka ya 1990 baada ya kurekebisha wakati na kiasi cha kuweka naitrojeni na kuuacha udongo ukauke kwa muda mrefu zaidi kati ya misimu. Kwa mkulima wetu, maana yake ni kwamba mpunga juu ya mpunga unawezekana kwa miongo mingi, ila unahitaji uangalizi wa karibu na mapumziko ya ukavu. Bila mapumziko hayo, kimyanga (ugonjwa wa virusi unaoyageuza majani ya mpunga kuwa ya njano) na viwavi wanaotoboa mashina hupata makazi mwaka mzima. Mwea imeongezewa tatizo la konokono vamizi aliyegunduliwa huko mwaka 2020, ambaye hula miche michanga na hustawi pale maji yasipokauka.

Soko. Hili ndilo soko lenye utulivu kuliko yote katika ulinganisho huu. Mpunga hukaa ghalani, huliwa nyumbani, na mnunuzi hakosekani. Mpunga wa kiangazi huingia sokoni wakati akiba ya watu wengi imepungua, hivyo bei huwa na nafuu.

Anayefaa. Njia hii inamfaa mkulima aliye karibu na banio (mahali maji ya mto yanapoingizwa mferejini) au kwenye skimu yenye bwawa, mwenye mbegu ya muda mfupi, na ambaye majirani zake nao wanapanda mpunga.

Njia ya pili: machipukizi

Maji na siku. Baada ya kuvuna, mashina hukatwa, maji hurudishwa kidogo, na mpunga huchipua na kuvunwa tena kwa takriban miezi miwili. Hakuna kitalu, hakuna kulima upya, wala hakuna kupandikiza. Kwa maji na kwa siku hii ni njia nafuu mno, na ndiyo maana wakulima wengi wa Mwea, wanaovuna mpunga mkuu mwishoni mwa mwaka, huyaendeleza machipukizi hadi mwezi wa Februari au Machi.

Kazi na mtaji. Kinachohitajika ni palizi, kiasi kidogo cha urea mara baada ya kukata, na mavuno. Mavuno yenyewe hutegemea sana jinsi mpunga wa kwanza ulivyovunwa: mashine nzito ikipita kwenye tope huyaponda mashina, na sehemu zilizopondwa hazichipui vizuri. Anayetaka machipukizi apange hilo kabla ya mavuno ya kwanza, akaushe jaruba kiasi cha kubeba mashine, au avune kwa mundu.

Udongo, wadudu na magonjwa. Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Machipukizi ni mmea ule ule, na chochote kilichoushika mwanzoni huendelea nao. Shamba lililoonyesha majani ya njano ya kimyanga lisiachwe lichipue hata kidogo, kwa sababu litakuwa chanzo cha maambukizi kwa vitalu vya msimu unaofuata, vya mwenyewe na vya jirani.

Soko. Mavuno kwa kawaida ni kati ya theluthi moja na nusu ya yale ya kwanza, na punje huiva kwa kupishana, hivyo mchele hukatika zaidi mashineni. Auze akijua hivyo, au ayaweke kwa chakula cha nyumbani.

Anayefaa. Mkulima asiye na mtaji baada ya mavuno ya kwanza, ambaye maji yake yanakatika mapema na ambaye shamba lake lilikuwa safi.

Njia ya tatu: mikunde

Maji na siku. Choroko na kunde za muda mfupi huiva kwa siku 60 hadi 75, maharage kwa siku 75 hadi 90, na dengu huchukua muda mrefu zaidi. Faida yao kubwa ni kutumia unyevu uliobaki ardhini. Wakulima wa Shinyanga, Simiyu na Mwanza wana ujuzi wa miaka mingi wa kupanda dengu kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua zinapoelekea kwisha, zikakua hadi kuvunwa bila kuona mvua ya maana. Katika jaruba, maji hufungwa siku 10 hadi 14 kabla ya kuvuna mpunga, na mbegu za mikunde huingia ardhini ndani ya siku chache baada ya mavuno. Ukichelewa wiki mbili, udongo mzito hupasuka na unyevu hukimbia. Ukiwahi mno, jaruba likiwa bado tope, mbegu huoza. Nafasi hiyo ni nyembamba, na wanaoshindwa na mikunde wengi hushindwa hapo, ilhali baadaye husema zao lenyewe halifai.

Kazi na mtaji. Ni kidogo kuliko njia nyingine zote isipokuwa machipukizi. Kupanda kunaweza kufanyika kwa jembe la mkono au kwa mfuo mwepesi wa plau bila kuvuruga udongo, na palizi moja mara nyingi hutosha. Kazi kubwa huja wakati wa mavuno, kwa sababu maganda ya choroko huiva kwa awamu na huhitaji kuchumwa zaidi ya mara moja.

Udongo, wadudu na magonjwa. Hapa mikunde inaongoza, lakini kwa masharti ambayo hayasemwi mara nyingi. Ni kweli kwamba vinundu vya mizizi huchukua naitrojeni kutoka hewani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huishia kwenye punje, na mkulima anayeng'oa mimea yote na kupeleka nyumbani ili apure huko huacha shambani kidogo sana. Aipure shambani, majani na mabua yabaki. Tena, mabaki hayo yakizikwa mapema na shamba likakaa kavu miezi miwili, naitrojeni nyingi hugeuka kuwa nitreti na hupotea siku maji yanapoingia. Ni afadhali kuyafukia karibu na wakati wa kupandikiza. Kwa upande wa magonjwa, ukavu wa miezi mitatu bila mmea wa jamii ya mpunga huvunja mzunguko wa kimyanga na wa viwavi wa mashina, na hupunguza konokono.

Soko. Choroko na dengu hutegemea sana wanunuzi wa nje, hasa India. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi, na baadaye choroko, bei ya mbaazi nchini Tanzania iliporomoka na wakulima wengi wakabaki na magunia. Katika baadhi ya mikoa mazao haya sasa huuzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao), utaratibu unaoweza kuleta bei ya mnada lakini unaomtaka mkulima asubiri malipo. Kunde na maharage zina soko la ndani na huliwa nyumbani, jambo linalopunguza hatari. Zote zihifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, la sivyo wadudu wa ghalani watazimaliza.

Anayefaa. Mkulima wa mwisho wa mfereji, anayemiliki shamba lake na kutarajia kulilima miaka mingi. Mpangaji wa msimu mmoja hana sababu ya kujenga rutuba itakayovunwa na mwingine, na hilo ni kosa la mikataba yetu ya kukodisha kuliko kosa la mpangaji. Ng'ombe nao lazima wazingatiwe: pale ambapo desturi huruhusu mifugo kuingia majarubani mara tu mpunga unapovunwa, choroko za mtu mmoja hazitapona bila sheria ndogo ya kijiji inayosimamiwa kweli.

Njia ya nne: mboga

Maji na siku. Vitunguu vinahitaji takriban milimita 350 hadi 550 za maji kwa msimu, na nyanya 400 hadi 600. Hayo ni takriban nusu ya maji ya mpunga au pungufu, lakini yanatakiwa mara kwa mara na kwa kiasi kidogo kidogo. Zamu ya maji kila baada ya siku 14, ambayo mpunga huweza kuivumilia, inaweza kuiua nyanya. Kitalu cha vitunguu huchukua wiki sita hadi nane, na shambani miezi mitatu hadi minne, hivyo kitalu nacho kianzishwe mpunga ukiwa bado shambani.

Kazi na mtaji. Ni kubwa kuliko njia zote. Kuvuruga udongo kwa ajili ya mpunga hutengeneza tabaka gumu lisilopenyeka kirahisi, na mizizi ya mboga huteseka juu yake. Lazima matuta yainuliwe, mifereji ya kutolea maji ichimbwe, na samadi iliyooza iongezwe. Baadaye huja dawa, vibarua wa palizi na vibarua wa kuvuna.

Udongo, wadudu na magonjwa. Hapa mpunga na nyanya husaidiana kwa namna inayostahili kujulikana zaidi: jaruba lililokaa ndani ya maji kwa miezi mitatu hupunguza minyoo fundo na mnyauko bakteria, ambao huwatesa wakulima wa nyanya wa nchi kavu. Kantangaze, nondo anayeshambulia nyanya, hazuiliki kwa njia hiyo, kwa kuwa huruka kutoka shamba hadi shamba. Mbolea inayobaki baada ya mboga huufaidi mpunga unaofuata, na mkulima apunguze urea ipasavyo, la sivyo mpunga utarefuka na kulala.

Soko. Faida kwa ekari inaweza kuzidi ya njia nyingine zote, na hasara pia. Nyanya hazingoji mnunuzi. Vitunguu vilivyokaushwa vizuri hungoja wiki kadhaa, na wafanyabiashara wa Kenya hununua vingi kutoka Tanzania, ila mkulima hukutana na wakulima wazoefu wa Mang'ola na Ruaha Mbuyuni katika soko hilo hilo, na hukutana pia na lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo.

Anayefaa. Mwenye eneo dogo karibu na barabara, mwenye familia au vibarua wa kutosha, na mwenye akiba ya kubeba msimu mmoja mbaya bila kukopa.

Uamuzi kwa kila hali

Ikiwa maji yako ya kiangazi ni ya uhakika hadi mwezi wa mwisho na kundi lako lote la majaruba linakubaliana, mpunga wa pili una nafasi nzuri, lakini kila mwaka wa tatu hivi ni busara kuubadilisha na mikunde ili udongo ukauke na magonjwa yakatike. Ikiwa maji yapo lakini majirani wameamua mpunga nawe unataka choroko, usishindane na maji yao yanayopenya kwenye tuta: chimba mfereji wa kukinga pembeni, au sogeza choroko kwenye majaruba ya juu.

Ikiwa maji hukatika mwezi mmoja au miwili baada ya mavuno, chaguo ni kati ya machipukizi na mikunde. Shamba lililokuwa safi, lililovunwa kwa mundu, na mkulima asiye na fedha ya mbegu huelekea kwenye machipukizi. Shamba lililoonyesha kimyanga, au lililotoa mpunga mfululizo kwa miaka mingi na mavuno yakashuka ingawa mbolea haikupungua, linahitaji mikunde, hata kama bei ya choroko mwaka huo si nzuri.

Ikiwa kinachokubana ni ukubwa wa eneo, yaani una robo au nusu ekari na watu wanne wa kufanya kazi, mboga ndizo zitakazolipa siku zenu za kazi, na ni heri kuanza na vitunguu kabla ya nyanya kwa sababu vinahifadhika. Mwenye ekari tatu hana ulazima wa kuchagua njia moja: jaruba lililo karibu na mfereji libebe mboga, la katikati mpunga au machipukizi, na la mwisho mikunde.

Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja azungumze na mwenye shamba kabla ya kupanda mpunga mkuu, na makubaliano ya kiangazi yaandikwe pamoja na ya masika. Na kwa mwenye Supa shambani, ambaye ataivuna wakati wenzake wa SARO 5 wamekwisha kupanda tena, mpunga wa pili usifikiriwe mwaka huu. Kunde za siku 60 bado zinaweza kuwahi, mradi mbegu zimekwisha kununuliwa na maji yafungwe kwa wakati.